Saa Mbili ya Adriano

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi ipokee hivyo hivyo, maana anayeomba ndiye mdogo. Mimi ni mama wa Milanzi, Sumbawanga, shule niliishia la nne, mwanangu Adriano yuko Ulaya mwaka wa tano sasa kwa kazi ya kompyuta, nilipomwuliza kazi gani hasa akaniandikia kwamba ndani ya kompyuta kuna saa ndogo yenye betri yake, hata mashine ikizimwa yenyewe inaendelea kuhesabu, na programu kubwa inayoendesha mashine huiuliza majira, sasa maelezo ya namna ya kuiuliza yaliandikwa vibaya, hayasemi saa inafuata majira ya nchi gani, kila fundi anaelewa lake, ndiyo yeye anayaandika upya yaeleweke, nikasema haya baba, Mungu akusaidie, lakini mimi natamani sauti yako tu.

Basi akaandika kwamba atapiga simu kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa Kulsumu mwenye duka la simu pale mjini, "saa 2.00, kwa saa za Tanzania, mama, tofauti nimeshaipigia hesabu." Mshauri, miezi minne misa naikosa, natembea na baridi yetu hii ya Ufipa, saa mbili asubuhi inanikuta nimekaa juu ya kreti la soda naitazama simu kama mgonjwa, hadi saa nne kimya, narudi. Kila mara, kesho yake, Kulsumu ananiambia, "Mama Adriano, mwanao kapiga jana saa nane, kakuulizia, mbona hukungoja?" Mara hii ya nne nikamjibu mbele ya wateja, "We Kulsumu, usinitanie na mtoto wangu, aliyesema saa mbili atapigaje saa nane?" Sasa hatusalimiani. Na juzi Adriano kaandika, "Mama, kama umenikasirikia nitaacha kukusumbua, mwezi ujao napiga mara ya mwisho." Nimkasirikie kwa lipi, mshauri? Hata anavyocheka nimeanza kusahau. Nifanyeje?

Mama Adriano

Mama Adriano, futa machozi kwanza, kisha nikugombeze.

Hakuna aliyekutania. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, wenzetu wa Ulaya wanaanza upya katikati ya mchana. Saa mbili yao ya mchana ndiyo saa nane yetu. Mwanao kakumbuka kubadili nchi, kasahau kubadili hesabu. Kazi yake kufafanua saa za watu, halafu anamwandikia mama yake 2.00 bila hata kusema asubuhi au mchana! Na wewe nawe: miezi minne unaambiwa saa nane na mtu aliyeshika simu kwa mkono wake, ukaona heri kununa kuliko kungoja mchana hata siku moja?

Barua usiandike, haitawahi. Jumapili hiyo nenda misa, ule, kisha saa saba uwe kwa Kulsumu. Msalimie wewe kwanza, na umwombe radhi mbele ya wateja, kwa kuwa ulimkaripia mbele yao. Simu ikilia, habari ya saa usianze nayo, wala lawama. Mwite jina lake, asikie kwamba ni wewe.