Herufi D Mbele ya Jina la Kabange

Feza, mwanangu,

Mwandiko wangu umeharibika. Utanisoma polepole, kama zamani ulivyokuwa ukisoma miswada yangu.

Habari ya kifo chako ilipotoka Kabalo, hapa Kalemie hakuna aliyeweka kilio. Nani angethubutu kumlilia mulozi, mtu aliyeitwa mchawi? Na mimi niliyejua ukweli nilifunga dirisha.

Unakumbuka mashine ile ya kompyuta ilipoletwa biro, ofisini kwetu? Wewe mpiga chapa wetu uliijua ndani ya wiki moja. Mimi, mkuu wa wafanyakazi, mtu wa rejista na wino, ulinifundisha kwa subira. Ndani ya programu ile ile ya kuandikia barua ulifungua orodha ya mafaili yote, kila mfanyakazi na lake. Nilidhani ni ukurasa tu. Ukacheka: "Papa, hii si karatasi ya kuandika-andika. Hii njo kabati yenyewe ya mafaili!"

Sikukusikia. Iliposemwa kwamba Kabange wa depo, ghalani kwetu, amefia Nyunzu, wewe ulikuwa umekwenda kula. Nikafungua orodha peke yangu, nikaweka D mbele ya jina lake, kama nilivyofanya miaka yote kwenye rejista: D, *décédé*, yaani amefariki. Mashine ikauliza kitu kwa Kiingereza. Nikabonyeza ndiyo. Jina likatoweka. Kwa mashine, D ilikuwa amri ya kufuta.

Kumbe aliyekufa ni Kabange mwingine. Si kila pacha wa pili wa Kiluba anaitwa hivyo? Wetu alirudi kazini mzima, faili lake halipo. Mkurugenzi akakugeukia: "Citoyenne Feza, nani mwingine anajua mashine hii?" Ukaniangalia. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu.

Mwezi haukuisha, Kabange akaugua, akafa kweli. Mtaa mzima ukasema wewe ulifuta jina lake ili umle kwa uchawi wa mashine. Wakatupa mawe juu ya bati lako. Ukapanda treni ya Kabalo, umemshika binti yako Anna mkono, na mimi... mimi nilikuwa biro.

Anna amekuwa mwanamke. Amerudi hapa kwa shangazi yake. Kijana mwema anamtaka, lakini wazazi wake wamekataa: "Binti ya mulozi? Hapana."

Daktari ameacha kunidanganya. Kesho watanibeba kwa kiti mpaka kwa wazazi wale. Mbele yao na wajomba wote wa kijana nitasema: D ile niliiweka mimi. Hata wakinitemea mate, nitasema.

Lala, mwanangu. Ila usinisamehe leo. Ngoja kwanza nifungue kinywa.

Papa wako wa biro