Greda Tulilolifufua Bila Kulielewa

Mjukuu wangu Yustina,

Shikamoo yako imenifikia hapa Ifakara, marahaba. Bibi yako anakohoa kidogo, mpunga unachanua. Unauliza kwa nini nakataa kukueleza habari za greda la kuvutwa na trekta, kama hilo mnalolitengeneza chuoni.

Miaka ya hamsini, nikiwa kijana, mimi na rafiki yangu Anselmi tulilikuta moja porini, limeshika kutu. Tulilisugua na kulipaka grisi, hata usukani wa kuinulia kisu, lile bapa la kukwangulia udongo, ukazunguka. Tukalifunga kwenye trekta, tukaichonga barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu ikawa tambarare kama meza.

Dada yangu Paulina, mjamzito, akauliza, "Sasa maji yatapita wapi?"

"Hii ni barabara, si mto," nikamjibu, nikacheka.

Hatukujua kwamba kisu hulazwa upande, udongo uinuke katikati, maji yateremkie mitaroni. Mvua za kwanza ziliigeuza barabara tope. Lori lililompeleka Paulina hospitali kujifungua likazama humo. Alifariki humo garini, mtoto akiwa tumboni.

Mazishini watu walinifariji: "Ni kazi ya Mungu."

Nilijua ni kazi ya mikono yangu.

Babu yako