Mistari Tisa ya Soya ku Udongo wa Makombe

Siku ya ine, 8 mwezi wa kwanza 1998

Mutu gani mwenye akili anang'oa fito za alama mu shamba ya mwenzake na kupikia nazo bukari? Chanda. Muke wa mutoto wangu. Fito tisa nilichonga miye mwenyewe, moya kwa kila mustari. Leo asubuhi nimekuta sita. Zingine ni makaa chini ya chungu. Nilimuambia: "Pori yote hii ya Kabuta haina kuni, ila fito zangu tu?" Akasema, "Pole, Mayo," njo mama kwa Kibemba. Pole haioti mu udongo.

Bon. Mistari ninaijua bila fito. Tatu za kwanza ni soya ya mbegu kubwa, nimeiita Munene. Tatu za katikati mbegu yake iko na doa nyeusi, hiyo Jicho. Tatu za mwisho shina yake ni ya manyoya sawa mugongo wa panya. Hiyo Manyoya.

Mulenga, bwana shamba, njo aliniletea. Alisema panda zote siku moya, udongo moya, kisha angalia gani inashinda. Udongo wetu hapa ku ziwa ni mubaya. Ukichimba unakuta makombe meupe ya konokono. Bamama kumi na mbili ba kanisa banangojea mbegu ya ile itashinda, ya kutia mu uji wa batoto. Na Mwape, mutoto wa Chanda, miaka mbili, miguu imevimba, nywele imekuwa nyekundu. Mama wa dispensaire alisema uji wa mihogo peke yake haitoshi, tia soya. Soya tutoe wapi? Hapa.

Ninaandika Kiswahili ya kwetu ng'ambo ya ziwa, sababu mu nyumba hii banasoma Kibemba na Kingereza tu. Miaka tatu ya masomo inanitosha kuficha mambo yangu.

Siku ya kwanza, 12 mwezi wa kwanza

Munene inageuka manjano.

Nilichuchumaa mpaka magoti ikalia. Ajabu. Mihindi ikiwa na njaa, majani ya chini, ya zamani, njo yanaanza kuwa manjano. Hapa ni kinyume. Majani ya chini ni kijani. Yale ya juu, machanga, yaliyozaliwa juzi, njo manjano. Na mishipa yake imebaki kijani, unaweza kuihesabu. Sawa wavu uliotandazwa juu ya karatasi.

Ni nyumba gani hii bakubwa banakula na batoto banalala njaa?

Jicho imeanza pia, kidogo. Manyoya, hakuna kitu. Kijani tu. Hainifurahishi. Miye nilisimama mbele ya bamama, nikasema Munene njo itashinda, muangalie mbegu yake ilivyo kubwa. Mama Bupe, mukubwa wa bamama, aliandika.

Siku ya tatu, 14 mwezi wa kwanza

Nimefanya jambo. Siombi ruhusa ya mutu.

Mama ya bwana yangu, Mungu amulaze, alikuwa anakata matawi, anarundika, anachoma, anapanda ulezi mu majivu. Ulezi ulikuwa unafika kifuani. Huku kila mutu anajua: majivu ni chakula ya shamba. Alors nilienda ku tanuru za kukausha samaki, nikajaza vikapu mbili, nikamwaga ku Munene peke yake. Mustari wa kwanza wote. Wa pili wote. Wa tatu ilifika nusu, majivu ikaisha, mugongo pia ukaisha.

Jicho na Manyoya sikuwapa. Bajitegemee.

Siku ya pili, 20 mwezi wa kwanza

Mbaya. Munene si manjano tena, ni nyeupe. Pembeni ya jani imeungua kahawia. Siku sita tu.

Chanda alipita na ndoo ya maji, akasimama. "Mayo, hii soya ulipaka poda? Inaenda ku ndoa?" Akacheka mpaka maji ikamwagika. Nilimuambia ateke tena ingine, na safari hii afunge kinywa, labda maji itabaki mu ndoo.

Lakini anajua. Ameona majivu.

Ninajiuliza tangu asubuhi. Mutu mwenye njaa unamupa chakula, anazidi kukonda. Chakula gani hiyo?

Siku ya Mungu, 25 mwezi wa kwanza

Bamama balikuya kuangalia, kisha ya kanisa, na vitambaa vyao vyeupe. Nilijua watakuya. Sikulala vizuri.

Mama Bupe aliinama, akashika jani, likamuvunjikia mu mukono. "Njo huyu Munene wako, dada? Huyu anatafuta sanduku ya kuzikiwa." Bakacheka bote. Mimi pia ningecheka kama ingekuwa shamba ya mwingine.

Nikasema uongo. Nilisema Mulenga alileta mbegu imeoza. Ilitoka mu kinywa haraka, sawa samaki anateleza mu mukono. Mama Bupe akasema kama ni hivyo, soya yote ing'olewe, tupande mihogo, na bwana shamba asirudi tena kutuchezea. Bamama bakakubali. Siku ya tano balipanga kuya na majembe.

Chanda alikuwa anasikia. Amemubeba Mwape mugongoni. Anajua ni majivu. Akageuka, akaenda ku nyumba.

Siku ya ine, 29 mwezi wa kwanza

Mulenga alifika na baiskeli, matope mpaka magoti. Amesikia habari kule Nchelenge. Hakukasirika, na hiyo iliniuma kuliko kukasirika.

Aliomba ndimu. Nikafikiri ni kiu. Akachukua udongo wangu mu kiganja, akakamulia ndimu juu. Udongo ukatoa povu! Ssss, sawa chungu inachemka bila moto. Nilimunyang'anya ndimu nikafanya miye mwenyewe, mara tatu. Udongo wa kule juu, karibu na barabara, ule mwekundu, hautoi povu. Nilijaribu pia.

Alieleza. Soya inataka chuma. Chuma kidogo sana, mu jani, ya kutengeneza ile rangi ya kijani. Udongo wangu uko nayo, lakini makombe inaifungia. Mizizi ya soya zingine inajua kufungua, ya zingine haijui. Njo sababu alileta aina tatu, si moya. Kisha akatazama Munene, akakuna kichwa, akaniambia: "Ba Kambo, hii inanishinda. Hata udongo wa makombe hauui hivi. Labda Mama Bupe ana haki, nilileta mbegu mbaya. Nitaandika ziondolewe zote."

Zote. Na Manyoya imesimama pale kijani, inatuangalia.

Nikasema, "Mbegu haina makosa. Ni miye. Nilitia majivu."

Akachukua majivu ku tanuru, akakamulia ndimu. Povu! Kuliko makombe. Kumbe nilimufungia mufungwa mulango wa pili.

Sasa njo alicheka, yule mutoto. Akauliza niliishia wapi. Nikamuonyesha nusu ya mustari wa tatu, pale mugongo ulinishinda. Alichuchumaa pale muda murefu. Bila majivu Munene ni manjano, inakua vibaya, lakini haikufa. "Hapa njo ukweli wake," alisema. "Uvivu wako umeokoa kazi yangu." Uvivu! Vikapu mbili za majivu ku umri wangu!

Alinifundisha kupima. Moya ni kijani yote, tano ni kufa. Kila juma nitembee mu mistari na kaye, niandike. Alitaka kumupa Chanda kazi hii. Nikakataa.

Siku ya tano, 30 mwezi wa kwanza

Balikuya na majembe. Nilisimama ku mwanzo wa mustari nikasema mbele ya bote: Mulenga hakuleta mbegu imeoza, nilidanganya, majivu ni yangu. Haya ilinishika mpaka masikio.

Mama Bupe: "Sasa tutakuamini namna gani?"

"Musiniamini. Musinisikilize hata. Muangalie." Nikabapeleka ku Manyoya. Bakainama. Bakageuza majani. Mumoya, amesikia habari ya povu, akaomba ndimu.

Majembe ilirudi nyumbani safi.

Siku ya kwanza, 9 mwezi wa pili

Nimefanya jaribio yangu, Mulenga hajui. Nililoweka ndoano za zamani zenye kutu mu maji ya ndimu, siku tatu. Kisha na unyoya wa kuku nikapaka nusu ya jani moya la Munene. Nusu tu. Leo nusu ile iko na madoa kijani. Nusu ingine ni manjano. Jani moya!

Nilimuita Chanda aone. Aliangalia, akaniangalia, akasema, "Mayo, weye ungekuwa mwalimu." Nikamuambia aende kufagia. Lakini nimefurahi kabisa.

Siku ya kwanza, 16 mwezi wa pili

Pointi. Munene bila majivu: ine. Munene ya majivu imekufa, tano. Jicho ilikuwa tatu, sasa mbili, mvua ilipopungua ilianza kupona yenyewe. Manyoya: moya, juma zote. Inatoa maua.

Siku ya posho, 18 mwezi wa ine

Tumepiga soya tangu asubuhi, miye na Chanda. Manyoya imejaza kikapu na nusu. Jicho karibu kikapu. Munene, bakuli.

Chanda alikaanga kidogo, akatwanga, akatia mu uji. Mwape alikula yote, akashika bakuli kwa mikono mbili. Miguu bado imevimba. Tutaona. Atakula kila siku.

Upepo wa ziwa unapeperusha maganda. Shamba iko tupu, unaona makombe wazi.

Kesho kisha ya kanisa, bamama bakuye na vyombo. Manyoya ipewe bale ba huku chini ku makombe, kikombe moya kila mutu. Bakuli ya Munene apewe Mama Bupe, yeye shamba yake iko juu ku udongo mwekundu, aijaribu kule. Na Chanda nimemuambia: "Weye ufunge kila aina mu kitambaa chake, usichanganye hata mbegu moya, uandike jina juu."