Saidi Hakunywa Uraka

Bandarini, Mtwara

Kwa baba yangu mzazi,

Shikamoo baba. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Kifua cha mama kimepoa? Na nyumba ya kijiji cha ujamaa, mmeshaiezeka? Huku mvua zimeanza na njia ya Tunduru imekatika, ndiyo maana inakuja barua badala yangu.

Barua yako nimeipata. Umesema hutamsomea Saidi hitima, kwani mwana aliyekufa na pombe kinywani amekuvua nguo mbele za watu. Baba, mdogo wangu hakunywa.

Tangu msimu wa korosho uanze alikuwa anakonda, na kiu haimwishi. Nikawa namtania kwamba atatukaushia kisima. Asubuhi ile tukipakia magunia akaanza kuyumba, ulimi ukawa mzito. Nilipomsogelea, pumzi yake ilinuka mabibo yaliyoiva kupita kiasi. Msimu huu nusu ya wapakiaji hunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, basi sikuuliza mara mbili. Nikamlaza nyuma ya ghala ili nyapara asimwone akamfukuza kazi.

Hapa gatini tunaamini mlevi hapewi maji, eti maji huiamsha pombe upya. Akaniomba.

"Kaka, maji. Sijanywa kitu, wallahi."

Nikamwambia asimtaje Mungu kwa mdomo unaonuka hivyo, nikarudi kwenye magunia. Jioni tulimfikisha hospitali hajitambui, akafariki kabla ya Isha.

Siku ya pili baada ya maziko daktari aliniita. Akasema ilikuwa kisukari, kimepanda hadi kikaichafua damu, na harufu ile ndiyo dalili yake. Nikamuuliza kama maji yangemwokoa. Akasema maji peke yake yasingetosha, alihitaji dawa ya sindano, na huenda angepona kama angeletwa asubuhi. Asubuhi nilikuwa naye mimi, baba.

Umetaka kujua ni nani aliyempa dereva wa lori habari ya pombe, ili umdai ushahidi. Ni mimi. Lori lililowaletea taarifa ya msiba liliondoka siku ya maziko, kabla sijaitwa na daktari.

Nisalimie mama, na shangazi aliyemlea Saidi, na mjomba wa duka la ushirika. Wasomee barua hii yote, usiwafiche neno. Hasira yako nihamishie mimi, nastahili. Lakini mtoto msomee hitima yake.

Mwanao mkosaji,
Bakari