Siku Nilipofuta Sauti ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Imeganda tena. Maswali ya mtihani wa darasa la sita yalikuwa yamefika nusu, kioo kikageuka buluu, kisha kimya. Nimezima, nimewasha, nimeipiga kofi ubavuni kama mbuzi mkaidi. Wapi. Leo jua lilikuwa kali, plake ya umeme wa jua iliyo juu ya bati imejaza batri vizuri, kwa hiyo siwezi kulaumu umeme. Ni mashine yenyewe. Imechoka.

Haikosi sababu. Kompyuta hii ilikimbia vita pamoja nasi ndani ya mfuko wa maharagwe, kutoka hapa Kalembe mpaka Burungu na kurudi. Hata sasa ukiigeuza, vumbi la maharagwe linatoka kwenye vibonyezo. Ila kilichoimaliza ni virusi. Kila mwalimu wa shule yetu huja na flashi yake kuomba nimchapie kitu, na kila flashi huja na ugonjwa wake. Mimi nawaitikia wote. Mjinga ni mimi.

Maswali nitayaandika ubaoni kwa chaki.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempigia mdogo wangu Emmanuel, anayefundisha kompyuta Goma. Anasema hakuna dawa tena, ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Kisha akauliza: mfumo gani? Nikashikwa na bumbuazi. Sikujua kwamba kuna kuchagua. Nilidhani kompyuta huzaliwa na Windows kama mtu anavyozaliwa na masikio.

Yeye anataka Linux. Ni ya bure, ni nyepesi kwa mashine ya zamani, na virusi vya flashi za walimu haviiwezi. Flashi yenye Linux alinipa zamani. Inalala kwenye kikombe cha vijiko.

Jioni mume wangu amepata mtandao. Yuko Bisie, anaendesha lori la mgodi, anarudi nyumbani akipewa likizo. Linux hataki hata kulisikia jina lake. "Mama Ester, watu wote iko na Windows. Ikikufia pale Kalembe, nani atakusaidia? Emmanuel atapanda moto akuje?"

Amesema kweli, hakuna atakayetoka Goma kwa pikipiki, na ukweli huo ndio umeniudhi. Wanaume wawili wanagombania mashine ambayo hakuna hata mmoja wao anayeigusa. Mchapaji ni mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimewauliza watu. Mkurugenzi wa shule: Windows. Katibu wa parokia: Windows. Mwalimu wa darasa la nne hata hakungoja nimalize swali. Hakuna aliyewahi kuiona Linux, lakini wote wanaiogopa kama mkwe ambaye bado hajatambulishwa. Na hiyo Windows yetu sote ni nakala ya nakala, imetoka flashi hadi flashi, nani ajuaye mama yake ni nani. Inaingia nyumbani tayari inakohoa.

Nimekata shauri. Linux. Nusu ni kwa sababu ya virusi, nusu ni kwa sababu wamenichosha kwa kunishauri. Mume wangu, Papa Ester, atazoea.

Kitu kimoja tu kinanitia hofu: folda ya Mama. Tulimzika mwaka juzi, mvua za kwanza zilipoanza. Picha zake tunazo. Sauti yake iko mahali pamoja tu, ndani ya mashine hii: anapiga maharagwe uani kwa fimbo na kuimba wimbo wake wa Kihunde, lugha ya kwetu. Nilimrekodi mwenyewe kwa simu, na simu hiyo ilipotea njiani tukikimbia. Hakuna rekodi nyingine. Kwa hiyo kwanza Mama anahamia kwenye flashi yangu nyingine, mengine baadaye.

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo mashine imekubali kuwaka. Sikuchelewa. Nimenakili mitihani mmoja mmoja, picha moja moja, halafu folda ya Mama nzima. Nimeifungua pale pale kwenye flashi kuhakikisha. Mama akaimba. Nikafunga upesi, sipendi kulia siku ya soko.

Kisha Linux. Kioo kikaniuliza kwa Kifaransa kama nataka kufuta diski yote. Nikajibu ndiyo. Nilibonyeza kwa kiburi kabisa, nikimfikiria mkurugenzi. Sombe yangu ya majani ya mihogo haijaiva jikoni, mashine ikawa tayari. Inafunguka haraka, rangi zake zinapendeza, feni haipigi kelele. Ester, binti yangu, amesema iko sawa mupya, kama imetoka dukani. Tumecheza ngoma jikoni mimi na yeye.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Baada ya misa nilichomeka flashi. Picha zimefunguka. Mitihani imefunguka. Folda ya Mama haifunguki. Nimebonyeza tena na tena. Linux inaniambia haijui kitu hiki ni nini. Nimetazama uzito wake: karibu na sifuri. Wimbo mzima hauwezi kuwa mwepesi hivyo.

Nimempigia Emmanuel. Ameuliza kama ile folda ilikuwa na mshale mdogo pembeni. Ndiyo, ilikuwa nao. Folda zote zilikuwa nao, tangu virusi vya zile flashi vilipoingia. Nilidhani ni urembo.

Kumbe virusi vile vilikuwa vimezificha folda zenyewe, na mahali pa kila folda vikaweka njia tu ya kuifikia. Picha na mitihani nilivichukua kimoja kimoja, vikapona; kwa Mama nilichonakili ni ile njia. Nilipoifungua kwenye flashi, ilinirudisha ndani ya mashine, ndiyo maana Mama aliimba. Nilibeba kibao cha njia, nyumba nikaichoma mwenyewe.

Emmanuel amesema niizime mashine, nisiandike kitu chochote ndani yake, pengine fundi anaweza kuchimba akapata mabaki. Papa Jospin wa Burungu anavyo vifaa. Ndiye aliyeitengeneza wakati ule tulipokuwa wakimbizi kule.

Nimezima. Sikupika. Ester amekula mihogo ya jana.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwambia Papa Ester. Nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema. Alisema tu pole, kwa sauti ya chini, na hiyo imeniumiza zaidi.

Darasani nimekosea hesabu ya kugawa, wanafunzi wakanisahihisha kwa furaha kubwa. Sikuwakemea. Namchukia kila mwalimu mwenye flashi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike yote kabla akili haijaanza kuyapanga vizuri.

Asubuhi nimemwacha Ester kwa jirani, nimepanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Burungu, mashine nimeifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Dereva ni kijana mchangamfu, simjui, alikuwa akiongea juu ya tope njia nzima. Tukiwa tunapanda kilima, simu yake ikalia mfukoni.

Mama akaimba.

Sikuota. Fimbo juu ya maharagwe, pumzi yake, kisha sauti. Mama yangu, kwenye mfuko wa koti la mtu. Nilipiga ukelele, nikaruka chini moto ikiwa bado inakwenda. Nimechubuka goti, viatu vimejaa tope. Dereva alidhani nimeumwa na nyuki. Nilimkamata koti, nikamuuliza ameutoa wapi wimbo huo. Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mwendawazimu.

"Mama, hii wimbo iko ya watu wote. Kule Burungu kila mutu iko nayo. Papa Jospin njo anatutiliaka mu simu."

Papa Jospin yule yule ndiye anayewatilia nyimbo kwenye simu! Sikukumbuka hata kumwambia kwamba mwimbaji ni mama yangu. Nilipanda tena. Nilitaka simu yake ilie tena, na niliogopa isilie tena. Haikulia.

Burungu, Papa Jospin alikuwa mlangoni pa kibanda chake, spika ikipiga muziki. Mzee mnene, mtulivu, kanipokea vizuri, hata kiti kanipa. Nilikuwa nimepanga maneno mazito. Yalitoka matatu tu: "Ulimuiba mama yangu."

Hakushtuka. Alifikiri kidogo, akakumbuka. Ndiyo, mashine yangu ililala kwake wakati ule. Na mashine ikilala kwa fundi, fundi huchukua nyimbo zilizomo, huo ndio mtaji wake, watu wanakuja kutiliwa nyimbo kwenye simu. Mafundi wote wanafanya hivyo. Nami nilijua! Nyimbo zote za kwaya zilizomo kwenye simu yangu nilitiliwa kibandani hivyo hivyo, sikuuliza hata siku moja zimetoka kwa nani.

"Mama Ester, mi sikuiba. Kama niliiba, ungekosa kitu. Ulikosa nini?"

Kwa muda wote ule sikuwa nimekosa kitu. Nimekikosa wiki hii, kwa kidole changu mwenyewe. Mtu niliyekuja kumtukana ndiye pekee duniani aliyemhifadhi Mama. Nilitaka kumpiga na kumbusu mkono. Sikufanya lolote. Nilikaa kwenye kile kiti nikilia kama mtoto, wateja wakinipisha.

Alinitilia wimbo kwenye simu yangu. Hakutaka kitu. Nikauweka sikioni. Mama anaimba kiitikio, anarudia, tak. Umekwisha. Nikamwambia ninahitaji wote. Ndio wote, alisema. Alikata kile kipande kitamu, ndicho watu wanapenda simu ikilia. Mengine aliyafuta, yalikuwa yanajaza nafasi.

"Nyuma yake haikukuwa wimbo, Mama. Ni kusema-sema tu."

Kusema-sema tu. Hapo ndipo moyo ulipoanguka kweli. Wimbo, hata shangazi zangu wanaujua. Nilichokuwa nikikifungua zile siku nilizozidiwa, nikikimbiza wimbo mpaka mwishoni, ni pale fimbo inaponyamaza na Mama ananigeukia, sauti ya kawaida, ya kugomba kidogo: wacha hiyo simu, kuja ule. Kwa Kihunde, kwa jina langu la utotoni ambalo sasa hakuna mtu wa kuniita.

Papa Jospin aliichukua mashine, akachimba mchana kutwa. Aliacha hata wateja wake. Akapata vipande vya picha, mtihani wa zamani, uso wa mjomba uliokatika katikati. Sauti hakuna. Linux imekaa mahali pale pale Mama alipokuwa. Alizima kioo, akavua kofia kama mtu aliyefika matangani. Alisema hakujua kwamba mwimbaji ni marehemu. Alidhani ni redio.

Nimelala kwa rafiki hapa Burungu. Naandika ukingoni mwa kitanda chake. Siamini bado. Sauti ya Mama iko katika mifuko ya watu nisiowajua, kila kilima, wakipigiwa simu na wachumba na wadai wao. Na mimi mtoto wake nina kipande kile kile walicho nacho wao.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimerudi. Njiani nimepita wanawake wanapalilia, simu ikalia shambani, Mama akaanza, mmoja akamalizia kiitikio kwa sauti yake huku akitafuta simu ndani ya kikapu. Ni Mnyarwanda, haelewi neno hata moja, ameyakoroga maneno yote. Sikusimama. Nimecheka, kisha nikaona aibu ya kucheka.

Emmanuel amepiga kuomba msamaha kwa sababu ya Linux yake. Nimemwambia aache upuuzi. Hata ningechagua Windows, ningefuta vile vile. Mfumo haukukosea kitu, uliniuliza nami nikajibu ndiyo. Amelia. Sikujua kwamba naye hakuwahi kuisikia ile rekodi mpaka mwisho. Katika ukoo hakuna aliyewahi kuifikisha mwisho isipokuwa mimi.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua tangu mchana. Mashine inafanya kazi vizuri. Nimechapa mtihani wa jiografia bila kuganda hata mara moja. Mwalimu wa darasa la nne amekuja na flashi yake, nimemtazama, ameirudisha mfukoni.

Ester ameomba kusikia wimbo wa nyanya yake. Tumeusikiliza. Akauliza unasemaje. Nimeshangaa kwamba haelewi, kisha nimeshangaa kwamba nimeshangaa. Kwani nani alimfundisha? Alizaliwa tukikimbia, akakua na watoto wa kila kabila, nasi tukamsemesha Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokuwa rahisi. Mama alikuwa akimsemesha Kihunde, yeye akijibu Kiswahili, na wote wawili wakitosheka.

Nimemweleza maneno ya wimbo. Ni ya mwanamke anayeyaambia maharagwe yatoke kwenye maganda, wageni wamefika. Hakuona ajabu yoyote. Akatoka kwenda barazani kucheza na simu.

Chakula kilipoiva nilitaka kumwita kama siku zote. Mdomo ukakataa Kiswahili. Nimemwita kwa Kihunde aiache simu aje ale. Sauti yangu ilitoka ya kugomba kidogo.

Amenyanyua kichwa akanitazama. Maneno hakuyajua, nimeliona hilo usoni. Ameweka simu chini, amenawa mikono, amekuja kula.