Historia ya Redio Bhirpani

Kaka Lokendra,

Salamu nyingi zikufikie huko Doha, na joto la huko lisikuonee. Sisi tu wazima. Mama yako magoti yanamsumbua, lakini ngazi za hekaluni bado anazipanda mwenyewe, na ukimshika mkono anakufokea.

Redio yetu inafunguliwa tena Jumamosi. Kamati imenipa kazi ya kuandika historia yake na kuisoma hewani. Nimeshaandika tulivyoanza katika ghala la tangawizi, mlingoti wetu bomba la maji, na dada yako Bishnumaya alivyokuwa akitangaza nyati wa kufugwa waliopotea kwa huruma hata majirani wakatoka kwenda kuwatafuta. Nilipofika mwaka wa vita, kalamu ikagoma. Sehemu hiyo sipendi uisikie kwa watu wengine.

Asubuhi moja askari wa kambini walinikamata sokoni. Walinilaza kifudifudi wakanichapa nyayo kwa mwanzi mpaka ngozi ikachanika. Mkubwa wao alikuwa anakunywa chai. Akaniambia, "Karani wa redio, una mwandiko mzuri. Andika." Nikaandika: mama yake Kulman wa Simle yu mahututi, mwanawe awahi kumwona. Kulman unamkumbuka, alikuwa ameingia msituni na waasi.

Bishnumaya aliponiona nachechemea akauliza nina nini. Nikasema nimeteleza mtoni. "Mzee mzima unacheza na mawe!" akanicheka. Akaisoma karatasi hewani mara mbili, na mara ya pili akaongeza lake: "Kulman, kimbia, mama ni mmoja."

Kulman alikimbia. Askari walimpiga risasi kizingitini kwao, mama yake mzima wa afya, mikono imejaa unga wa ulezi.

Siku ya nne, mchana, waasi sita waliingia studio. Wakaivunja mitambo kwa mashoka. Wakauliza nani alisoma. "Mimi," akajibu Bishnumaya. Karatasi kaileta nani? Akanitazama, akaitazama miguu yangu iliyofungwa vitambaa, nikajua ameelewa. Akawaambia, "Karatasi huja nyingi, sikumbuki mikono. Aliyesoma ni mimi." Wakamburuta kwa nywele hadi chini ya mlingoti. Nilisikia jambia likigonga mfupa mara tatu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, Lokendra. Hakuna aliyenishika, wala hakuna aliyeniziba mdomo.

Tulikuandikia kwamba aliuawa kwa kukataa kuwapa mitambo. Barua ile niliitunga mimi. Ni uongo.

Jana nilimwambia mama yako, nimepiga magoti jikoni kwake. Alichomoa ukuni wa moto akanipiga nao shavuni, akarudia, akarudia tena, mpaka nguvu zikamwishia. Kisha akaketi, akaniambia Jumamosi redio yake itakuwa imewashwa tangu alfajiri. "Soma," akasema. "Usiruke hata neno."

Nitasoma. Ukirudi na hasira zako, nyumba yangu unaijua, na sitahama.

Wasalimie wenzetu wa Bhirpani walioko huko. Mungu akulinde kazini.

Ni mimi,
Padam Gharti