Kinyozi wa Kitabuni na Kinyozi wa Filamu

4 Machi

Baba yako ameiona filamu yako. Tena si mara moja.

Haya, sasa salamu. Hujambo, mwandishi wangu? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila miguu yangu inanikumbusha umri. Cherehani bado inanitii.

Unajua mwenyewe, tangu kitabu kitoke baba yako hataki kusikia habari zako. Kinyozi kama yeye anamkimbia mke mgonjwa na kumwacha mteja kitini kanyolewa upande mmoja! Mtaa ukasema, "Binti kamvua baba yake nguo hadharani." Shule nayo ikakikataa. Nikawaambia: aliyeugua mimi, aliyekimbiwa mimi, ninyi mnalia nini?

Sasa filamu imefika ukumbi wa karibu na soko, na kinyozi wao hakimbii popote. Ana mabega kama mlango, anapiga wezi, anambeba mkewe mgongoni. Baba yako katoka pale kifua mbele. Dukani anawauliza wateja, "Mmeniona?" Mimi nasema filamu ni tamu, ila kitabu kina meno. Hata mwalimu mstaafu huja kuniuliza mimi, maana nani atalinganisha vizuri kuliko aliyemzaa mwandishi?

Lakini kwako bado kanuna. Anasema, "Filamu ni ya wenye filamu. Kitabu ni chake yeye."

Mama yako

15 Machi

Shikamoo Mama. Kifua kimepona, nakula, nalala. Miguu ipake dawa, usiisimulie tu.

Mimi filamu ile inanitia aibu. Wenye filamu walisema watazamaji hawatampenda mume anayekimbia, nikachoka kubishana. Lakini Baba ananinunia nini? Kitabuni kinyozi anarudi. Nywele za mkewe zinadondoka kwa ugonjwa, anamnyoa polepole, kisha anampa wembe amnyoe na yeye. Hapo niliandika kwa ajili yake. Kama amepasoma na bado hanitaki, sitagonga tena mlango wenu. Niambie kweli, Mama: alikisoma chote?

Binti yako

2 Aprili

Hakukisoma chote. Alisoma kipande.

Marahaba mwanangu, dawa nimepaka. Sasa sikiliza. Nakala ilikuwa moja na wasomaji mtaa mzima, basi nikaikata katikati kwa mkasi wa vitambaa, safi kabisa, wapate kusoma wawili kwa pamoja. Mtoto wa nani mwingine anagombaniwa hivyo? Kipande cha kwanza kikazunguka dukani kwa baba yako, cha pili kikabaki kwa wanawake hapa kwangu. Kumbe ndiyo maana wao walikuwa wakitukana na sisi tukilia, kila upande ukiona wenzao hawajui kusoma.

Nilipopata barua yako nikakifuata kipande cha pili kwa jirani muuza mkaa, nikaenda nacho dukani. Baba yako alikuwa anamnyoa fundi viatu. Nikaketi, nikasoma kwa sauti. Kufika kwenye wembe, akaizima mashine ya kunyolea.

"Kinyozi," fundi viatu akasema, "na mimi nirudie basi."

"Tulia. Endelea, mama watoto."

Nikamaliza. Akauliza, "Mbona hii haimo kwenye filamu?"

"Asiyeondoka atarudi vipi?"

Akaifuta mashine ambayo haikuwa chafu. "Kwa hiyo wamenipa mabega, wakaninyima kurudi."

"Mimi nabaki na filamu," fundi viatu akasema. "Kule mteja ananyolewa kichwa chote."

Baba yako akacheka mpaka akashika kiti. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mwambie mwanao aje. Asiingie kwa kunyata. Aje mchana, watu wakiwepo, wamwone nikimpokea."

Basi nimeshaanza kukushonea gauni, na mtaa mzima umeshaliona. Mwenye ukumbi ataionyesha filamu tena, na ikiisha baba yako atasimama awasomee watu kipande cha pili yeye mwenyewe. Nilitaka kusoma mimi, sauti yangu unaijua, lakini kakataa. Anafanya mazoezi mbele ya kioo cha dukani, na maneno marefu yanamkwamisha, ila wembe anaufikia vizuri. Kaka yako anakuja na wanawe, shangazi zako wote, hata yule aliyekilaani kitabu bila kukishika. Wewe fika Ijumaa upumzike. Wengine wote wanakuja Jumamosi, tarehe kumi na tisa.

Mama wa mwandishi